Mshahara wa Kampala, presha ya ofisi na magunia yangu ya sukuma wiki: tupige hesabu bila kudanganyana

Karani_wa_Kontena (Kireka)

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, Kampala, Jinja, Arua, hadi wale wa Busia mnaovuka mpaka kutafuta sukari ya bei nafuu.

Kila mtu akilalamika kwamba mshahara hautoshi, anajibiwa "panda mboga nyumbani". Akisema kazi inamtoa roho, jibu ni hilohilo. Mimi ninayo bustani ya magunia nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Kireka. Naipenda na sitaiacha, ndiyo maana inaniudhi watu wakiisifia kwa uongo. Bustani ndogo ya mjini hailipi karo wala kodi ya nyumba. Faida yake iko kidogo mfukoni na nyingi kichwani. Nitaeleza zote mbili, halafu mnipinge.

Mfuko kwanza. Chukueni mshahara wa milioni moja kwa mwezi. Si wangu, nimeuchagua kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi, kwa hiyo msianze kunitumia ujumbe wa kukopa. Kwenye PAYE, yaani kodi ya mshahara, 235,000 za kwanza haziguswi. Kutoka hapo hadi 335,000 wanakata asilimia 10, hadi 410,000 asilimia 20, na kinachozidi asilimia 30. Jumla zimekwenda 202,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 5 yako ni 50,000. Mwajiri anaweka 10 zake, lakini hizo utazila uzeeni, au ukifikisha miaka 45 na umechangia miaka 10, hapo unaruhusiwa kuonja asilimia 20 ya akiba yako. Mkononi zinafika 748,000. Kati ya Julai na Oktoba kodi ya huduma za mtaa nayo inapita kuchukua chake.

Sasa toa kodi ya nyumba, Yaka (umeme wa kulipia kabla), maji, taksi ya kwenda na kurudi, makaa (tangu amri ya rais ya Mei 2023 dhidi ya makaa ya biashara kutoka kaskazini, mimi sijayaona yakirudi bei niliyoizoea), posho (unga wa ugali), maharage, mafuta, sabuni. Kinachobaki kinaliwa na vitu vya mia tano na elfu moja: fungu la dodo (mchicha), nyanya nne, kitunguu, kiberiti. Vitu hivi hakuna anayeviandika. Nyumbani kwangu tuliamua kuviandika kwenye daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa, na mboga peke yake, yaani majani, nyanya na vitunguu, ikawa inakaribia 75,000 kwa mwezi.

Magunia yamepunguza nini hapo? Majani tu. Dodo, sukuma, nakati kidogo (mboga ya majani ya kienyeji), majani ya vitunguu. Mwezi mzuri ni kama 30,000 ambazo hatukuzitoa. Ondoa samadi, mbegu, na maji ya bomba siku za jua, zinabaki 20,000 hivi. Hiyo ndiyo hesabu yote, na anayekuambia utaacha kazi kwa magunia manane muulize daftari lake liko wapi.

Sasa kichwa. Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Tangu mpango wa himaya moja ya forodha ya Afrika Mashariki uanze mwaka 2014, kodi ya mzigo wa Uganda inalipwa huku kabla lori halijatoka Mombasa. Kwa mteja ni nafuu. Kwa karani maana yake ni kwamba tarakimu moja ikikosewa kwenye hati Kampala, dereva analala bandarini, kontena linaanza kuhesabiwa siku za adhabu, na wote wanajua namba yangu: dereva, mteja, na bosi ambaye huandika kwenye kundi la WhatsApp usiku, "Mko wapi nyote?" Mwili uko Kireka, masikio yako mpakani Malaba. Watoto wangu wamejifunza kunisoma uso kabla ya kuomba hela ya kalamu.

Magunia yananisaidia kwa jambo moja la kijinga kabisa: mkono wenye udongo na samadi ya kuku haushiki simu. Nikirudi naiacha ndani kwenye chaji, natoka na kopo, nanyeshea, nang'oa magugu, nageuza majani kutafuta vidukari, na kwa muda huo hakuna mtu anayenidai jibu. Nikiingia ndani naweza kukaa na mke wangu na lile daftari tukazungumza hela kama watu wazima. Mazungumzo ya hela ukiyaanza ukiwa bado na hasira za bosi, mnajua yanakoishia.

Haya, nani ananipinga?

Mhasibu_Mkali (Ntinda)

Nakupongeza kwa kuleta namba, humu wengi huleta hisia. Sasa ngoja nikukune.

Elfu ishirini kwa jioni zote hizo! Ukigawa kwa saa, kibarua wa shambani anakuzidi. Na kuna tundu kubwa kuliko mboga ambalo hukuligusa, nalo ni mkopo wa simu. Mtu akikopa 200,000 kwa siku 30 kwa ada ya asilimia 9, ametoa 18,000. Hiyo ni bustani yako ya mwezi mzima, imeondoka kwa kubonyeza mara mbili. Akichelewa anatozwa tena. Akienda kuzitoa kwa wakala, kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 juu ya ada ya kutoa. Mwenye presha ya hela aue deni la simu kwanza, ajiunge na SACCO au kikundi cha watu wanaojuana, ndipo aje kupanda nakati.

La kichwani sina neno. Mimi hupumzika kwa kulala.

Karani_wa_Kontena (Kireka)

Mhasibu, kwenye deni la simu tuko pamoja, na ningeomba kila mtu asome aya yako mara mbili. Kwenye saa sikufuati. Saa moja ya jioni ya Jumanne hakuna aliyekuwa tayari kuinunua kwangu. Ningekuwa kwenye kochi na simu, au kwenye baa ya jirani, na bia mbili zinakula bustani ya wiki. Unagawa faida kwa saa ambazo hazina soko.

Muuza_Mboga_Kalerwe

Nimecheka peke yangu kibandani. Mnapanga kunikosesha wateja halafu mnaniita mama. Lakini kwa kuwa Karani amesema ukweli, nami nitasema wangu, kitu ambacho muuzaji hapaswi kukisema.

Bei ya majani hailali mahali pamoja. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, kila mwenye kipande cha ardhi kuanzia Wakiso hadi Luweero ana dodo. Malori yanaingia sokoni Kalerwe usiku yamefurika, na ikifika saa nne asubuhi tunagawa karibu bure maana majani hayangoji kesho. Wakati huo ukipanda dodo gunia zima unajisumbua, njoo ununue kwangu. Januari na Februari, na Julai kuelekea Agosti, jua likiwaka, fungu lilelile linakonda na bei inapanda. Hapo ndipo gunia lako lina maana. Kwa hiyo pandeni mkihesabu nyuma: dodo linataka wiki tatu au nne, sukuma miezi miwili hivi kutoka mbegu hadi jani la kwanza la maana. Anayetaka kula kwake Januari aanze kusia sukuma Novemba, mvua ikiwa bado inamsaidia kunyeshea.

Na nyanya niachieni mimi. Nawaona wateja wangu wanaanza na nyanya kwa sababu ndizo ghali. Mvua ikizidi ukungu unazikausha majani, jua likija kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, anaingia ndani ya tunda, na kabla ya yote kuna mnyauko, mti unalala mchana mmoja na hauamki. Mkulima anayeniletea anapiga dawa kila wiki. Wewe na kopo lako utapata nyanya sita.

Karani_wa_Kontena (Kireka)

Mama Kalerwe ametupa siri ya soko na sisi tunaendelea kubishana kuhusu saa. Asante sana, nyabo. Hilo la kuhesabu nyuma nalibandika jikoni.

Afande_Mstaafu (Jinja)

Vijana, hamjambo. Nimesoma tangu juu.

Nyinyi mnaongea kana kwamba bustani ya mjini imeletwa juzi na watu wa warsha. Baada ya Waasia kufukuzwa 1972 maduka yalikauka. Sukari, chumvi, sabuni, vyote vikawa vya magendo, na hilo neno nadhani hata asiyejua Kiswahili hapa Uganda analijua. Miaka ya themanini mshahara wa mwalimu au wa askari ulikuwa unakwisha kabla hujamaliza kusaini. Mei 1987 serikali ikabadilisha noti, ikakata sifuri mbili, na asilimia 30 ikabaki kwake. Mtu aliyelala na akiba aliamka na akiba ya mtu mwingine. Ni nini kilichotulisha? Muhogo, viazi vitamu na migomba nyuma ya nyumba za serikali, katikati ya Kampala. Kambini kila kwata, yaani nyumba ya askari, ilikuwa na mistari ya maharage. Kanali na koplo walinyeshea pamoja.

Na ilikuwa kinyume cha sheria za mji! Walikuwa wanakuja kufyeka. Baadaye wakachoka kupigana na muhogo, na mwaka 2006 Baraza la Jiji la Kampala likapitisha sheria ndogo za kilimo cha mjini, zenye vibali na masharti. Kwa hiyo Karani, wewe unalima kwa amani ambayo sisi hatukuwa nayo.

Lingine. Mnaolaumiana kwa kutojua bajeti, kumbukeni kima cha chini cha mshahara cha nchi hii kiliwekwa 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, rais hakuutia saini. Daftari la mboga ni zuri, lakini lisiwafanye mdhani tatizo lote liko kwenye fungu la dodo.

Mhasibu_Mkali (Ntinda)

Afande, hiyo aya ya mwisho nakupigia saluti.

Boda_wa_Bweyogerere

Mimi presha yangu ni pikipiki ya mkopo. Kila wiki kuna malipo, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Natoka alfajiri, narudi usiku. Hiyo jioni ya Karani ya kopo na samadi mimi niitoe wapi? Nyumbani kweli kuna sukuma na maboga, lakini anayeyashughulikia ni mke wangu, na juu yake ana watoto wawili na biashara ya chapati. Yeye akisoma hapa kwamba bustani ni mapumziko nadhani atanipiga na mwiko.

Muuza_Mboga_Kalerwe

Umesema jambo ambalo wanaume humu hulipita mbio. Kwa mwanamume bustani ni pumziko kwa sababu ameichagua na anaweza kuiacha. Mwanamke mwingi ameikuta kwenye orodha: maji, kufua, watoto, jiko, bustani. Ukimwambia "panda mboga upunguze stresi" umemuongezea kazi ya sita. Kama bustani ni ya kumpumzisha baba, basi baba achote na maji yake.

Karani_wa_Kontena (Kireka)

Kwangu maji nachota mimi, na Jumamosi watoto wananisaidia kwa malipo ya kugombana. Ila nakubali kabisa kwamba bustani moja inaweza kuwa tulizo la mmoja na mzigo wa mwingine chini ya paa lilelile. Nyumba ikae chini iulizane: nani anaipenda? Huyo ndiye mwenyewe. Kama hakuna anayeipenda, Kalerwe iko palepale.

Nesi_wa_Zamu (Arua)

Habari zenu. Mimi niko hospitalini, zamu za usiku, kwa hiyo najibu mtu akiwa amelala.

Nataka kuweka breki kidogo. Bustani inasaidia, hata mimi ninayo, nimepanda malakwang (mboga ya majani ya huku kaskazini) na viazi vitamu vya rangi ya chungwa kwa ajili ya vitamini A ya watoto, na majani yake pia tunakula. Kushika udongo, kupigwa na jua la jioni, mwili kufanya kazi isiyo ya kukaa, vyote vinapunguza mkazo na usingizi unakuja vizuri zaidi. Lakini kuna uchovu wa kazi na kuna ugonjwa. Mtu ambaye kwa wiki kadhaa halali au analala kutwa, hataki kula, hana hamu hata ya kile alichokipenda, anafikiri ingekuwa afadhali asiwepo, huyo msimpe mbegu mkadhani mmemaliza. Mpelekeni hospitali. Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili kule Kampala, wana kliniki ya wagonjwa wa nje, mtu anaenda na kurudi nyumbani siku ileile, na hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Najua jina la Butabika linatisha watu hapa Uganda, wanalitumia kama tusi. Ni hospitali tu.

Pili, Karani, bosi wako. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki kama kikomo cha kawaida, siku moja ya kupumzika baada ya sita za kazi, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na likizo yenye malipo ya siku saba kwa kila miezi minne, yaani 21 kwa mwaka. Nawauliza wote mliotaja presha hapa: mara ya mwisho kuchukua likizo yenu nzima ni lini? Wenzangu wodini wanaiuza au wanaiogopa. Mtu anatafuta dawa ya kuchoka wakati siku zake za kupumzika ziko kwenye faili ofisini.

Karani_wa_Kontena (Kireka)

Dada, umenigusa pabaya. Kwenye ofisi ndogo kama yetu ukiomba siku saba mfululizo unaulizwa umepata kazi wapi. Nilichofaulu ni kuomba siku chache chache, na kukubaliana na bosi kwamba usiku anayepigiwa na madereva ni mmoja tu, kwa zamu, badala ya sote sita kuruka kitandani. Hilo lilipita kwa sababu nilimwonyesha kwamba tukiamka wote tunajibu mambo tofauti na dereva anachanganyikiwa. Nikisema "tumechoka" asingenisikia.

Mpangaji_wa_Muzigo (Namuwongo)

Nyinyi wote mna nyuma ya nyumba. Mimi ninakaa muzigo, chumba kimoja, mlango unafunguka kwenye mtaro. Mwenye nyumba hataki hata kamba ya nguo ya ziada. Kuku wa jirani wanakula hadi sabuni. Je, sisi tuendelee kusoma tu? Halafu kuna wanaolima mayugwa (magimbi) kule chini kando ya mfereji, yanastawi ajabu, nilikuwa nafikiria nipate kipande.

Nesi_wa_Zamu (Arua)

Mfereji wa Nakivubo? Usifanye hivyo tafadhali. Ule mfereji unabeba maji machafu ya jiji na ya viwanda kwenda ziwani, na mboga inayostawi hapo inakunywa hayohayo. Udongo chukua mahali pengine, na usinyeshee kwa maji ya mtaro hata siku za jua kali.

Karani_wa_Kontena (Kireka)

Namuwongo, gunia moja linakaa pa kuweka kiti kimoja, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba kuhusu kiti. Nitaeleza ninavyofanya mimi.

Tafuta gunia la nyuzi la kilo 100, lililobeba posho au sukari, wauzaji wa jumla wanayauza. Likunje mdomo nje kama suruali inayopandishwa, ili lisimame. Changanya udongo mweusi wa juu sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Nasema iliyooza: samadi ya kuku mbichi inaunguza mizizi, ikiwa bado ina joto na inakukata pumzi iache. Wafugaji wa kuku wa Kampala wengi wanatandika makapi ya kahawa, na mchanganyiko huo ukioza unalainisha udongo vizuri sana.

Sasa sehemu ambayo watu wengi huiruka. Chukua kopo la mafuta la kilo mbili, toa kifuniko na kitako, lisimamishe katikati ya gunia. Lijaze mawe madogo. Jaza udongo kulizunguka hadi lifike juu, halafu livute kopo lipande, mawe yabaki. Lijaze tena mawe, zungushia udongo, vuta. Ukifika juu ya gunia una nguzo ya mawe kuanzia chini hadi juu, na maji ukiyamwaga hapo yanafika kila mahali. Bila nguzo hiyo maji yanaishia juu, mimea ya chini inakauka na utasema magunia hayafai.

Toboa ubavuni kwa kupishanisha, shimo na shimo wacha upana wa kiganja au zaidi. Miche ya sukuma inaingia ubavuni, juu sia dodo au panda vitunguu vya majani. Weka gunia juu ya matofali mawili matatu ili lisikae kwenye maji. Kwa kuku, anza mashimo juu ya urefu wa shingo ya kuku na chini acha wazi bila kupanda, au zungushia kipande cha chandarua kilichochakaa.

Sukuma vuna majani ya chini, acha ya juu manne au matano, itakupa kwa miezi. Dodo kata, using'oe, lichipue tena. Vidukari wakitokea waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, rudia. Maji ya kuoshea mchele na mboga usiyamwage, yana kazi. Ya kufulia yenye jiki usiyalete kabisa.

Jua la Kampala linachoma nyuzi za gunia, likianza kuchanika hamisha udongo kwenye jipya. Jerikeni la lita 20 lililopasuka likikatwa ubavu nalo linafaa kwa dodo, na hilo unaweza kulining'iniza dirishani.

Boda_wa_Bweyogerere

Hiyo ya shingo ya kuku nimempelekea mke wangu. Amesema kopo nitachota mimi.

Muuza_Mboga_Kalerwe

Mwambie nampenda.

Na nyie wa madaftari, kabla shule hazijafunguliwa Februari andikeni na yale mahitaji: rimu, fagio, karatasi za chooni, sabuni ya kudeki. Karo watu wanaitarajia, hiyo orodha ya nyuma ndiyo inayotupeleka kwa wakopeshaji. Mimi natenga kidogo kila wiki kuanzia Septemba kwenye kikundi chetu, Desemba tunagawana, na haturuhusiwi kuigusa hata kwa msiba wa jirani.

Mhasibu_Mkali (Ntinda)

Ukipata mbegu ya karatasi za chooni nitanunua magunia kumi.

Kwa uzito lakini: hilo kundi la Mama Kalerwe ndilo bajeti halisi. Gharama inayojulikana tarehe yake haipaswi kuitwa dharura. Karo ina tarehe tatu kwa mwaka, na bado kila muhula nchi nzima inashtuka.

Mpangaji_wa_Muzigo (Namuwongo)

Mwenye nyumba amekubali magunia mawili, kwa sharti kwamba na yeye atakuwa anachuma. Sawa tu. Mbegu nipate wapi zisizo feki, na mawe ya kokoto ni ghali, vipande vya matofali vitafaa?

Karani_wa_Kontena (Kireka)

Vipande vya matofali ya udongo vinafaa sana. Vya saruji viache, vinabadilisha udongo. Mbegu, nenda Container Village pale mjini, maduka ya pembejeo yamepangana, nunua pakiti iliyofungwa yenye tarehe na usikubali za kupimiwa kwa kijiko. Ukiweza fika kituo cha kilimo cha KCCA, mamlaka ya jiji, kule Kyanja, wanaonyesha magunia na bustani za ngazi, utajifunza kwa macho kuliko kwa maneno yangu. Miche ya sukuma usinunue, ninayo ya ziada. Nitakuwa stegi ya Kireka Jumamosi asubuhi, njoo na kaveera (mfuko wa plastiki).

Muuza_Mboga_Kalerwe

Na nakati omba kwa mtu aliyeacha mti mmoja uzae hadi vitunda viwe vyekundu. Vikamue, osha mbegu, anika kivulini. Mimi ninazo, kibanda cha tatu ukiingia kwa upande wa wauza ndizi. Sema umetumwa na wale wanaotaka kunikosesha wateja.